Papai Nililolibeba Usingizini

Haya ninayowasimulia ni kweli tupu, tangu neno la kwanza hadi nukta ya mwisho, na ningemweka jogoo wangu mwekundu rehani kama ningekuwa bado ninaye. Siku ile ilinichosha kuliko miaka yangu yote ya kazi ya reli. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya plasta, unawasha kama umefungiwa upupu, nami mchana kutwa nilikaa barazani nikidanganya. Aliyekuja kunihoji ni binti mmoja, Nyamizi, ambaye kazi yake ni kuoanisha kumbukumbu za hospitali na za ofisi ya barabara, ijulikane waendesha baiskeli wanaumia wapi.

"Shikamoo, babu. Kalavati la Mnyambe limebomoka ukingo. Watu wananong'ona kuwa wanaanguka pale, lakini hospitali hakuna aliyesema, na barabara hawana habari. Wewe hukuanguka na baiskeli?"

"Mimi? Mjukuu wangu, baiskeli ikiniona inasimama yenyewe! Niliangua papai. Papai kubwa kama mtungi, likanivuta mimi na ngazi yangu. Nikiongopa, jogoo yule ni wenu."

"Umesikia, binti?" akadakia jirani yangu Msuka, kahawa mkononi. "Mimi shahidi wa jogoo."

Nyamizi akasema kwa unyonge kwamba bila majeruhi wanaojulikana matengenezo yatakwenda kwingine, akaaga. Ndipo Zamoyoni, binti yangu anayeuza maziwa, akaniuliza: "Baba, leo jioni nataka nikatize njia hiyo. Kweli pako salama?" Msuka alikuwa ananikodolea macho. "Pako salama," nikajibu. Kumbe ni hapo hapo nilipovunjikia mkono. Hospitali nilisema papai kwa sababu ukitaja baiskeli unaambiwa ukalete kwanza fomu ya polisi, nami mkono unaning'inia. Na nyumbani nikaendelea na papai kwa sababu ya aibu, maana hakuna gari lililonigonga, ni shimo tu. Nikajilaza mkekani nimechoka na maneno yangu mwenyewe, usingizi ukanibeba.

Nikajiona katika nchi isiyo na kivuli, barabara nyeupe imenyooka, na mbele yangu bibi mmoja anajikokota, khanga kiunoni, kigoda kichwani. "Mimi ni Uchovu," akasema. "Usinipite, hakuna anayenipita." Akanipeleka kwenye nyumba mbili zilizopeana mgongo, ukuta mmoja kati yake, mlango hakuna. Katika ya kwanza alikaa Bi Huruma, akishona vidonda usiku na mchana, wala hainui macho kumuuliza mtu ameumia wapi. Katika ya pili alikaa Bwana Taratibu, akipima barabara kwa kamba ndefu, sikio lake limetegwa nje. Chuma kikigonga chuma anashtuka na kuandika, lakini mtu akianguka peke yake hasikii kitu. "Ni ndugu wa tumbo moja," akasema Bi Uchovu, "na hawajapata kuamkiana. Alichokiona huyu ndicho anachokikosa yule. Nao watakaowapatanisha ndio hao, watazame."

Nikatazama, nikaona umati ukija kwa mwendo wa kuburuza, kila mtu na baiskeli yake iliyopinda begani. Langoni alisimama jamaa mchangamfu amevaa kofia yangu, sura yangu, hata pengo langu la jino. "Karibuni wageni wa Bwana Porojo!" akaita, na akamtwisha kila majeruhi mzigo wake: huyu akabeba jiwe la bafuni, yule mbuzi mkorofi, mwingine ngazi nzima. Aliponifikia akacheka, "Ndugu yangu! Lako nimekuwekea," akanitwika papai zito kama jiwe la kusagia. "Litue, uende kwa wale wawili ukaseme," akaniambia Bi Uchovu taratibu, "au ulibebe hadi atakapopita mwingine." Nikataka kulitua, mikono ikagoma. Kengele ya baiskeli ikalia kwa mbali, nikamwona Zamoyoni na madumu yake ya maziwa, anateremka kuelekea ukingo uliobomoka. Nikafungua kinywa nipige kelele. Kinywa kikajaa papai.

Nikazinduka natema mate. Kengele ilikuwa inalia kweli, pale uani. Nikatoka mbio pekupeku, plasta inanigonga kifuani.

"Zamoyoni! Usipite Mnyambe! Upande wa kushoto majani yamefunika shimo, ndipo nilipovunjika!"

Akakanyaga chini kwa mguu mmoja, madumu yakacheza. "Si ulisema papai, baba?"

Nikauona umati ule tena, kila mtu anadhani uongo wake ni wa kwake peke yake, kumbe umelundikana mpaka umelifunika shimo kuliko yale majani. Nyuma ya ua ikatoka sauti ya Msuka: "Nimesikia! Jogoo!"

Kesho yake nikajikokota hadi polisi kuchukua fomu, kisha hospitali. Nesi akaniuliza mbele ya foleni nzima, "Babu, sasa ni papai au baiskeli?" Nikasema baiskeli, kwa sauti, na mzee mmoja nyuma yangu, mguu umefungwa, akakohoa akasema, "Basi hata mimi yule mbuzi mniandikie baiskeli." Nyamizi alikuja kula siku hiyo hiyo. Yeye alipewa paja, Msuka kidari. Mimi nilipewa shingo, na mkono mmoja wa kuishikia.