Vibao vya Rejeta

Saa nne kasorobo asubuhi, Fundi alizamisha thamostati kwenye sufuria ya maji na kuwasha jiko la umeme. Kilikuwa kikopo cha shaba chenye mikunjo, ukubwa wa ngumi ya mtoto, na ndani yake mlikuwa na spiriti kidogo aliyoitia jana kabla ya kuliziba tundu kwa risasi ya kuyeyusha. Kikopo hicho kina kazi moja tu: maji ya injini yakipata moto, kivimbe na kusukuma fimbo, na fimbo ifungue vibao vya chuma vilivyo mbele ya rejeta ili upepo uingie. Injini ikipoa, kikopo hunywea na vibao hufunga. Magari ya siku hizi hayana mambo hayo. Ya zamani yanayo, na katika mji mzima aliyejua kuyatibu alikuwa mwanamke huyu peke yake. Wateja walimwita Kipimajoto, kwa sababu aligusa ubavu wa sufuria kwa kidole na kutaja nyuzi, na hakukosea ila siku akiwa na mafua.

Kwenye nyuzi sabini na tano kikopo kilivimba, fimbo ikatoka urefu wa kidole gumba. Ilikuwa mara ya nne kufaulu mtihani wa sufuria. Mara tatu zilizotangulia, kilipofungwa kwenye gari, hakikutikisika. Maji yalitokota, mvuke ukafoka, na vibao vikabaki vimefumba kama kinywa cha mtu aliyenuna.

Gari lenyewe lilikuwa jeusi, refu, la Mkandarasi, mzee ambaye nusu ya maghorofa ya mji yalipita mikononi mwake. Lilitakiwa kwenye maandamano ya magari ya kale siku ya Jumamosi. Fundi alilijua tangu utotoni, maana baba yake ndiye aliyekuwa dereva wake. Baba alimgonga nalo mwanamke mmoja aliyekuwa akivuka barabara, akahukumiwa, akafia gerezani mwaka wa tano. Hivyo ndivyo ilivyoandikwa, na hivyo ndivyo Fundi alivyoeleza kila alipoulizwa. Gari lilipoletwa alilipokea kama lingine lolote. Chuma hakina kosa, alisema.

Alikifunga kikopo mara ya nne, akawasha injini, ikachemka, akaizima. Akainama kukagua fimbo mpaka injini ikapoa kabisa.

Saa nane mama yake alimletea chakula kwenye bakuli lenye kifuniko. Alipopita mbele ya gari, vibao vilifunguka vyote kwa mpigo, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayekunjua gazeti.

Mama akasimama. "Kumbe bado linanijua," alisema.

"Hebu rudi mlangoni, mama."

Mama alirudi, vibao vikafunga. Alipokaribia tena, vikafunguka. Fundi alishika injini kwa kiganja: baridi. Akamvutia mama yake kiti, wakanawa, wakala.

"Baba yako akimaliza kuliosha alikuwa akinizungusha nalo mtaa mzima," Mama alisema. "Nakaa mbele kama mke wa waziri. Akifika nyumbani ananiambia, shuka upesi, kabla hatujazoea."

Walikuwa hawajamaliza kula Mkandarasi alipoingia na fimbo yake ya kutembelea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Limepona?"

"Thamostati ni nzima. Ila vibao vinamsikiliza mama."

Mkandarasi alivitazama vibao vilivyokuwa wazi, kisha akamtazama Mama, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa kwamba saruji imepanda bei.

"Ni haki yake," alisema. "Siku ile usukani nilikuwa nao mimi. Mumewe alikaa pembeni, ananiambia nipunguze mwendo. Tangu hapo halijanifungulia hata mara moja."

Aliyasema bila kushusha sauti. Fundi alikuwa ameshika bisibisi. Aliiweka mezani, akaisogeza mpaka ikalala sambamba na nyingine.

"Basi twende mahakamani, mzee, ukayaseme haya haya."

"Faili lilifungwa, binti yangu. Tena dereva alikiri kwa kinywa chake."

"Alikiri kwa nini?"

Mkandarasi alimgeukia Mama kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

"Ulikuwa darasa la sita," Mama alisema. "Bosi alimwahidi baba yako kwamba utasoma mpaka uchoke mwenyewe. Na ulisoma. Kile chuo cha ufundi hakikushuka kutoka mbinguni, mwanangu."

Fundi aliitazama mikono yake. Ilikuwa imefundishwa vizuri. Iliweza kuyeyusha risasi bila kuiunguza shaba. Alijaribu kuichukia kidogo, akashindwa, maana hakuwa na mingine.

"Ulijua, mama."

"Nilijua. Aliniambia ninyamaze, nikanyamaza. Alipokufa nilitaka kusema. Halafu nikaona nikisema utafukuzwa chuo, na yeye atakuwa amekufa bure."

Mkandarasi alikohoa.

"Sasa, kuhusu Jumamosi," alisema. "Mama ataweza kuja? Ni mwendo wa saa moja tu."

Fundi alifungua kinywa aseme hapana, lakini Mama alimtangulia.

"Nitakuja. Ila nitakaa mbele."

"Mbele ni sawa kabisa."

"Siji kwa ajili yako, bosi. Pale ndipo alipokaa mume wangu siku ile. Sijawahi kukaa pale tangu aondoke."

Jumamosi barabara kuu ilijaa watu. Mama alivaa gauni lake la kijani, mkoba magotini. Mkandarasi aliendesha mwenyewe, polepole. Vibao vilikuwa wazi na sindano ya joto haikupanda. Fundi alitembea kando ya barabara na kisanduku cha vifaa, kwa tahadhari.

Mbele ya jukwaa magari yalisimama moja moja, na mtangazaji akasoma historia ya kila gari kwenye kipaza sauti. Zamu ya gari jeusi ilipofika, alitaja mwaka lilipoundwa, akataja idadi ya silinda, kisha akasema kwamba katika maisha yake yote lilipata ajali moja tu, kwa uzembe wa dereva. Watu walitikisa vichwa kwa kulionea gari huruma. Mkandarasi aliinua kofia. Mama alitazama mbele.

Fundi alisubiri. Alidhani vibao vitajifunga kwa kishindo, au injini itazimika, au honi italia yenyewe. Vibao vilibaki wazi, vyote kumi na vinane, upepo ukapita katikati yake, na gari likaondoka kwa ulaini kuliko yote yaliyolitangulia. Watu walipiga makofi mpaka lilipokata kona.

Jumatatu Mkandarasi alimtuma mtu gereji kulichukua gari, lililorudishwa hapo baada ya maandamano, na kuuliza kama Mama angependa mto wa kukalia, maana maonyesho yajayo yangekuwa ya safari ndefu. Mama, aliyekuwa ameleta chakula, alisema mto utafaa, mgongo wake si wa jana. Fundi alichukua fomu ya kazi, akaandika juu: mto, usiwe laini sana. Chini, kwenye mstari wa ubovu uliotengenezwa, akaandika: hakuna.