Popoo Iliyosingiziwa

Mume wangu Vagi si mwongo. Nasema hili mapema kwa sababu siku aliyoumwa na nyoka nilimwita mwongo njia nzima, tena kwa sauti, na watu wote wa barabara ya Rigo ni mashahidi.

Asubuhi hiyo tulikuwa tunafyeka majani ili tupande viazi vikuu. Nikamsikia anasema "Ee!" kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Nilimkuta amekaa chini, ameshika kifundo cha mguu. Kulikuwa na vitundu viwili vidogo.

"Umemwona?"

"Nimeona majani yanatikisika tu, Mama Boio."

Kwetu anayeogopwa ni yule mweusi mwenye mstari mwekundu mgongoni. Wapo ambao wakiumwa huuliza kwanza nani kawaroga. Mimi sikuuliza. Nilivua shuka langu, nikalichana, nikamfunga mguu kuanzia vidoleni hadi pajani, nikamkataza asikanyage hata hatua moja. Ndugu yake, Lohia, akambeba mgongoni mpaka kwenye pikapu yake, akashika usukani.

Tukiwa nyuma ya gari, kichwa cha Vagi mapajani mwangu, akageuka akatema mate. Yalikuwa mekundu.

Nikamwinamia. Kwetu kila mtu ana mdomo mwekundu kwa kutafuna popoo, ile kokwa ya tambuu, lakini Vagi alikuwa ameacha tangu Pasaka. Alikuwa na kidonda shavuni kisichopona. Daktari wa mjini Moresby akamwambia achague, popoo au shavu, naye akaniapia hataitia tena kinywani. Na sumu ya yule nyoka tunaijua, huanza kuvujisha damu kwenye fizi.

"Baba Boio, hiyo ni damu?"

Akanitazama kidogo. "Popoo."

"Popoo gani?"

"Nimetafuna shambani. Natafuna kila siku ukienda mtoni. Nisamehe."

Weee! Nilimpasulia. "Mwanamume usiye na haya! Shavu linakuoza, nawe unajificha na popoo kama panya! Unataka niwe mjane mimi?" Lohia kule mbele akapunguza mwendo ili asikie vizuri. Nikagonga paa la gari. "Shemeji, kanyaga mafuta! Umbea utaupata kesho!"

Vagi alikuwa anatabasamu. Kila nilipoishiwa maneno, aliniongezea kuni. "Na chokaa ya kutafunia naificha juu ya boriti."

"Hata Jumapili unatafuna?"

"Jumapili ndiyo zaidi."

Nikaanza upya. Lakini nikiri, ndani ya hasira ile nilikuwa na raha. Sijawahi kufurahi vile kuwa mke wa mwongo.

Muuguzi wa kituo cha afya, Sista Konio, ni mfupi na hacheki ovyo. Alimlaza Vagi, akamfunua mdomo.

"Huu wekundu ni wa nini?"

"Popoo, Sista," nikadakia. "Amekiri mwenyewe, mshenzi huyu."

"Hapa wote wanakuja na midomo myekundu. Asukutue."

Vagi akasema hana haja. Sista akamtia kikombe mkononi. Akasukutua, akatema kwenye beseni, maji yakawa mekundu. Mara ya pili, mekundu. Mara ya tatu yakazidi yale ya kwanza, na nikaona damu inachuruzika pembeni ya jino. Ndipo nikaona na kope zake zinamlemea.

"Popoo huisha kwa maji," Sista akasema, naye tayari anafungua friji.

Kichupa cha dawa ya sumu ya nyoka kilikuwa kimoja tu. Alimtoa Vagi damu kidogo, akaiweka kwenye chupa ya kioo dirishani aone kama itaganda, wala hakuingoja. Akachanganya dawa kwenye dripu, akaifungua, akakaa na sindano nyingine mkononi kwa sababu wakati mwingine mwili wa mtu huikataa dawa yenyewe. Baada ya dakika ishirini akaiinamisha ile chupa. Damu ilikimbia kama maji.

"Damu isiyo na sumu ingeganda," akaniambia. "Tutampima tena alasiri."

Kwa muda wa saa sita nilikaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake. Sikula, sikunywa. Nilimwangalia anavyopumua, nikakumbuka kila tusi nililomtupia, nikajichukia.

Saa kumi Sista akamtoa damu nyingine. Tukaikodolea macho dakika ishirini, mimi, yeye na Lohia. Akaiinamisha. Haikusogea. Akaipindua kabisa, juu chini. Damu imeng'ang'ania kitako cha chupa.

"Imeganda," akasema. "Huyu ni wako tena."

Lohia akapiga ukelele, akatoka nje mbio kuwaambia watu. Mimi nikakaa sakafuni. Sista akamgeukia Vagi.

"Na wewe! Ule uongo ungekuua. Na kama ningeuamini?"

"Nakuomba radhi, Sista," Vagi akasema, ulimi bado mzito. "Sijatafuna tangu Pasaka. Nilipoona damu nikajua safari imefika. Sikutaka niondoke nikimsikia mke wangu analia. Nilitaka niondoke nikisikia sauti yake ya kila siku."

Sista Konio akajitia kutafuta kitu kwenye friji.

Nikainuka, nikamkaribia Vagi nimwambie nilichokuwa nacho. "Mjinga wewe," nikasema. "Mpumbavu. Kichwa maji." Sauti haikuwa ile ya kwenye pikapu, ilikuwa inakatikakatika, lakini alifumba macho na kunisikiliza. Nikamshika mkono, nikaendelea kumtukana polepole mpaka akalala.