Fungu la Bi Zamda

Jana usiku nimeota niko mlangoni kwenye maonyesho yangu mwenyewe, na mlinzi hataki niingie. Si kwamba hanijui. Ananijua vizuri, hata kanisalimia. Ila anasema nisubiri, ndani kuna mtu anafanya kazi.

"Nani?"

"Marehemu," anasema, na kuendelea kumenya chungwa lake.

Basi nikajua ni Bi Zamda. Niwaeleze kwanza, maana aibu yangu inaanzia hapa. Mimi ni msanii. Mwaka huu nilipata ile nafasi ya ukaazi: unapelekwa mahali, unaishi miezi mitatu na watu wa kazi fulani, kisha unatengeneza sanaa kuhusu kazi yao. Nikapelekwa Lugono, kwenye machimbo, kwa akina mama wanaoponda kokoto kwa nyundo. Bi Zamda ndiye aliyenipokea. Alinikalisha kando ya fungu lake la mawe, akanipa kipande cha tairi cha kuzungushia jiwe lisiruke, akanifundisha kupiga. Nilikuwa mzito, sina mfano. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. Wiki ya tisa akaugua kifua. Ya kumi tukamzika, na fungu lake halijapondwa hata nusu.

Mimi nikaliomba lile fungu. Niliomba mbele ya wenzake wote na bintiye Siwema, siku ya hitima. Wakaja kunishika mkono mmoja mmoja, wananiambia Mungu akulipe. Siwema akaiosha nyundo ya mama yake, akanikabidhi kwa mikono miwili. Moyoni nikasema, jamani, watu hawa wanaielewa sanaa! Nikapakia mawe kwenye gari, nikayamwaga katikati ya ukumbi mjini, nyundo nikaiweka juu, ukutani nikabandika kibao: KAZI ISIYOKWISHA. Watu wa mjini wakaja, wakatikisa vichwa kwa masikitiko, wakanywa juisi.

Sasa turudi ndotoni. Mlinzi kamaliza chungwa, kanipisha. Bi Zamda ameketi sakafuni, miguu kainyoosha, anaponda. Jiwe linapasuka vipande vinne. Anavisogeza pembeni, na vile vipande vinatambaa sakafuni, vinaungana, linakuwa jiwe lilelile. Analichukua tena.

"Shikamoo, Bi Zamda. Pole na kazi."

"Marahaba. Sijapoa bado, mwanangu. Sogea, unanizibia mwanga."

Hajakasirika. Afadhali angekasirika.

"Unafanya nini huku?"

"Swali gani hilo? Namalizia. Wewe uliliomba fungu langu, nikangoja, naona kimya. Na kesho ni arobaini yangu."

Nikamwambia sielewi. Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia nilipoishika nyundo kwa kichwa badala ya mpini.

"Kwetu mtu akifa na fungu mkononi, anayeliomba ndiye anayelimalizia. Kabla ya arobaini. Kokoto zinakwenda kusakafia kaburi la mwenyewe, na hapo ndipo anasemwa ametoka kazini. Wenzangu walifurahi mno. Walisema, mgeni ametushinda wote kwa upendo. Kumbe hukuambiwa?"

"Sikuambiwa."

"Uliuliza?"

"Niliuliza mambo mengi."

"Uliuliza kazi yetu ina harufu gani. Tulikucheka wiki nzima."

Nilitamani sakafu inimeze, lakini sakafu ikasema haina nafasi, imebeba mawe.

Nikauliza mbona mawe yanarudi yalivyokuwa. Likajibu lile jiwe alilolishika, kwa sauti ya karani aliyechoka. "Sisi tumeandikwa. Soma ukutani. Imeandikwa haiishi, basi haiishi. Tungekuwa na mamlaka tungekwisha zamani, na mama wa watu akalale."

Nikaenda kukibandua kibao. Kikanikazia.

"Huruhusiwi kugusa."

"Mimi ndiye niliyekuandika!"

"Kalete ruhusa."

Nageuka, niko ofisini kwa waandaaji wa ukaazi, na ofisi yenyewe iko chini kabisa ya shimo la machimbo, ukuta ni mwamba mtupu. Mratibu ni kabati la mafaili lililovaa tai. Linafungua droo ya pili na kuongea kupitia hapo.

"Mkataba unasema kazi ikishazinduliwa haibadilishwi. Ukiibadilisha, wewe hukuwahi kuwa msanii. Jina lako litafutika kila lilipoandikwa. Saini hapa."

Na nakiri mbele yenu, nilisita. Mtu kafa, kakaa kwenye sakafu ya baridi anaponda jiwe lisilopondeka, na mimi natafakari jina langu! Nilifikiria picha zangu zilizopita, nikafikiria mwaliko wa mwakani. Kabati likangoja kwa adabu. Nilijichukia hata usingizini. Mwisho nikasaini kwa vumbi la mawe, kwa kuwa hakukuwa na kalamu hata moja.

Mara niko ukumbini. Kibao kimeanguka chenyewe, kimelala kifudifudi. Kwenye orodha ya wasanii mlangoni, palipokuwa na jina langu pameachwa peupe. Mlinzi ananiuliza, "Samahani dada, wewe ni nani?" Namwambia mimi ni msaidizi wa Bi Zamda. Anasema haya, pita.

Tunaponda. Nyundo ni moja, tunapokezana. Akipiga yeye mimi nashika tairi, nikipiga mimi yeye anashika, na ananisema kila pigo. "Legeza kiwiko. Usilipige kwa hasira, halijakukosea. Wewe mtoto, wiki zote zile nimefundisha nini?" Sasa vipande vinakaa palepale vilipoangukia. Mgongo unaniuma vibaya. Katika miezi yote mitatu sikuwahi kukaa mpaka mgongo uume hivi, maana kila nilipochoka niliinuka kwenda kupiga picha. Namwambia hivyo, na nalia. Ananiambia nilie pembeni, nisilowanishe kokoto.

Fungu likapungua mpaka likabaki jiwe moja, kubwa kama kichwa cha mtu. Nikainua nyundo. Bi Zamda akanishika mkono, na mkono wake una joto.

"Hilo acha. La mwisho ni la Siwema."

"Kwa nini?"

"La mwisho hupigwa na mtoto wa marehemu. Akishalipasua ndipo anaruhusiwa kulia. Wewe huoni? Mwanangu hajalia tangu siku ile. Huwezi kumlilia mtu aliye kazini, utamvunja nguvu. Anakaa tu, anakunja nguo zangu, anazikunjua."

Hapo nikakumbuka macho makavu ya Siwema aliponipa nyundo. Mimi nilidhani ni ujasiri, na katika daftari langu niliandika hivyohivyo, ujasiri wa wanawake wa machimbo.

"Nimwambie nini, Bi Zamda? Tangu niondoke hapokei simu yangu. Naona aibu."

"Mna aibu sana nyie mliosoma." Akainuka taratibu, akakung'uta kanga, akajifunga upya kiunoni. "Haya, nitampitia mwenyewe. Ni njiani."

Akamuaga mlinzi, akatoka. Nikamwita, nikitaka kumwambia asante au samahani, na sauti ikakataa kutoka, na katika kuilazimisha nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani. Nikachukua simu niangalie saa, nikakuta ujumbe wa maandishi, umeingia saa kumi na moja alfajiri. Ulitoka kwa Siwema, ambaye sijapata neno lake tangu msiba.

"Dada Eliwaza, mama kanipitia sasa hivi. Anasema umenibakizia jiwe moja. Niletee leo, dada, na mimi nilie."