Harusi Imeingia Ofisini

Siku ya Hayat kuketishwa mbele ya wanawake, simu zote zilibaki mlangoni. Bi Hindu, mama wa bibi harusi, alimweka hapo dada yake mmoja asiyejua kutabasamu, na kikapu miguuni, na hakupita mtu bila kutumbukiza simu yake, awe mke wa nani. Siku hizi kila nyumba yenye kujiheshimu hufanya hivyo. Wanawake huvua mabuibui, huachia nywele, hucheza mpaka wakatota jasho, na hakuna anayetaka kujikuta kesho yake kwenye simu ya muuza samaki.

Simu iliyopita ni moja tu, ya Nasreen. Bi Hindu alimchagua ampige bintiye picha kwa sababu Nasreen hana mdomo. Walikubaliana kwamba picha zitachapishwa kwa mwanamke mwenzao, zitiwe kwenye albamu, na simu isafishwe. Nasreen aliapa, na aliapa kweli. Shida ni kwamba simu ile ilikuwa yake kwa kununua tu. Kwa mambo mengine ilikuwa ya ofisi.

Anafanya kazi na shirika moja la kupanda mikoko, hapa hapa mjini. Mkurugenzi wao alisema bajeti haina simu, kila mtu atumie yake. Basi Mugambi, fundi wa kompyuta aliyeletwa kutoka Meru, akatia barua pepe ya ofisi kwenye simu za wale wanaokwenda kazi za nje, akaziunganisha na seva, mashine ya ofisi ya kuhifadhia. Kila picha waliyopiga iwe inakwenda yenyewe ofisini, na kutoka ofisini iwashukie wenzao wa nje kwenye simu zao, ili picha za miche zisipotee. Angeweza kugawa simu, upande wa ofisi mbali na upande wa mwenyewe mbali. Lakini kazi hiyo huchukua muda, na Mugambi siku ile alikuwa na njaa. Nasreen naye aliulizwa na kioo cha simu kama anakubali, akabonyeza kubali, kubali, kubali. Nani husoma maneno yale? Mimi sisomi, na wewe husomi.

Nyumba ya Bi Hindu ina kuta nene za mawe ya kale, mtandao hauingii. Na Nasreen hakuwa na bando. Mtu mwenye mtandao wa bure kazini anunue wa nini? Picha zikakaa kimya Jumamosi yote na Jumapili yote. Jumatatu asubuhi aliingia ofisini, akaweka simu mezani, akaenda kujimiminia chai. Aliporudi, kioo kilikuwa kinamwambia picha zinatumwa.

Akadhani ni za miche. Kisha akakumbuka kwamba wiki nzima hajaenda mikokoni.

Alipofungua alimwona Hayat, kichwa wazi, mabega wazi, hina imempanda mpaka juu ya viwiko. Nyuma yake wake za watu wamejifunga leso viunoni, akiwemo mke wa imamu wa msikiti wao. Nasreen aliizima simu, akaikandamiza kifuani kwa mikono miwili. Alikuwa amechelewa. Zote zilikuwa zimekwisha fika.

Alimkimbilia Mugambi na kumweleza kwa sauti ya chini, maneno yakimkatika. Nitamsema Mugambi kwa mengi, lakini hili nitampa: hakuuliza swali, na hakutazama. Alifungua mahali penye picha kwenye seva, akainuka, akamwachia kiti, akasimama akiangalia dirishani mpaka Nasreen alipomaliza kuzifuta mwenyewe. Nasreen alifuta huku akisoma kila dua aliyoijua.

Akauliza kama mambo yameishia hapo. Mugambi alirudi kwenye kioo, akatazama orodha ya simu. Wengine wote wa kazi za nje walikuwa Kiunga, ambako mtandao ni wa kubahatisha, na hawakuwa wamepokea kitu. Simu moja ilikuwa imepokea zote.

"Ya Fawaz," alisema.

Fawaz ni nahodha wa boti ya ofisi, na asubuhi ile alikuwa Matondoni, boti ikizibwa nyufa. Hilo lisingekuwa kitu. Lakini Fawaz ni kaka mkubwa wa Mahir, na Mahir ndiye bwana harusi. Shemeji mtu anashika mkononi picha za mke wa nduguye bila mtandio, na za wake wa jamaa zake wote wakicheza. Nasreen alikaa chini kwenye sakafu. Alimwona Hayat akirudishwa kwao hata hina haijafifia. Alimwona Bi Hindu akipita njiani na watu wakinyamaza.

Akapiga simu ya Fawaz. Ikaita mpaka ikakoma. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakoma. Mara ya tatu iliita kidogo, ikanyamazishwa ghafla. Mtu anayenyamazisha simu ana kitu anakitazama. Hakuwa na fikra nyingine, na wala hakuitafuta.

Alimuuliza Mugambi kama kuna njia ya kuzitoa zile picha kutoka huku. Mugambi alisema ipo amri moja, iliyowekwa kwa ajili ya simu zilizoibiwa. Lakini haichagui. Kwa kuwa simu hazikugawanywa, itafuta kila kitu, cha ofisi na cha mwenyewe, simu ibaki kama imetoka dukani. Akashauri wamngoje mwenyewe aje, waongee naye.

"Ukimngoja mtu anayetazama, unangoja nini?" Nasreen alisema. "Futa."

"Ni simu yake, Nasreen."

"Na zile nywele ni za nani? Futa, nakuomba kwa Mungu wako na wangu."

Alikuwa analia sasa, na machozi ya mtu mzima ofisini yana nguvu mbaya. Mugambi akabonyeza. Baada ya kitambo kioo kikajibu kwamba amri imetekelezwa. Nasreen akasema alhamdulillahi, akaegemea ukuta, akafunga macho.

Chai yake ilikuwa haijapoa sawasawa pale Fawaz alipoingia, kanzu ya kazini imejaa lami, mavumbi ya bodaboda usoni. Mkononi alishika kilemba chake kimefungwa fundo. Alisimama mlangoni, mbali na Nasreen, kama mtu anayebisha nyumba yenye wanawake.

"Bi Nasreen, nimekuya mbio," alisema. "Simu yangu imeniletea picha. Nimeona moya tu, nikajua ni za wake wa harusini, nikafumba mato. Nimeifunga humu nisizione tena. Uliponipigia nalibonyeza pembeni inyamaze, nikitelea kugusa kioo zisifunuke. Nimewaata mafundi nikatwaa ndia. Zitoe weye, kwa mkono wako."

Nasreen alikipokea kile kilemba, akakifungua. Simu ilikuwa inawaka, nyeupe, inamtaka mtu achague lugha. Mugambi ndiye aliyesema: picha zimekwisha kutolewa kutoka hapa, na pamoja nazo vitu vyote vilivyokuwemo.

Fawaz hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika.

"Haina neno," alisema. "Muhimu zimetoka. Sasa nirudishie changu kimoya tu. Mna sauti ya Rukia humu, yuwasoma Alhamdu."

Rukia ni bintiye, tuliyemzika mwaka jana kwa homa, hata meno ya mbele hayajarudi kuota. Mugambi aliangalia kibodi yake.

"Si ulitwambia kila kitu cha simu huya hapa ofisini?" Fawaz alimwambia. "Ndiyo sababu sikuiweka pangine. Nalisema pale ndipo penye amana."

"Picha tu, nahodha," Mugambi alisema polepole. "Seva inachukua picha. Sauti haichukui."

"Ni mimi niliyemwambia afute," Nasreen alisema. "Nilidhani unazitazama."

Fawaz alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, kisha akaondoa macho, kama alivyofanya Matondoni. Alivuta kiti, akakaa karibu na Mugambi, akamwambia atafute tu, yeye hana haraka.

Mugambi alijua hakuna kitu, lakini nani angemwambia mara ya pili? Alifungua picha za miche za Fawaz, akazipitisha moja baada ya moja: matope, vijiti, maji, matope. Fawaz aliinama mbele, akaweka sikio karibu na mashine.