Maharagwe ya Marehemu Ilarie

Kijijini kwao hakuna aliyeshangaa tena kukuta maharagwe kwa Safta. Kila mwaka, siku ya kumwombea marehemu mumewe, Ilarie, watu walitoka kanisani na koliva yao mkononi, ile ngano iliyochemshwa na kutiwa sukari, wakaingia uani kwake, wakakuta supu ya maharagwe bila nyama, maharagwe ya kuponda na kitunguu juu, na ugali. Kama ni wakati wa mfungo, sawa. Lakini Safta aliwapakulia maharagwe hata wiki moja baada ya Pasaka, wakati mbwa wenyewe wa kijiji walikuwa wameshiba nyama ya kondoo.

"Marehemu aliyapenda sana," alisema Safta.

Uongo mtupu. Ilarie aliyachukia maharagwe kuliko kodi. Ila kwao kila mtu anajua: unachokitoa sadaka kwa jina la marehemu, marehemu anakipata huko aliko. Ukitoa mkate, anakula mkate. Ukitoa blanketi, analala kwa joto. Basi Safta, alipomaliza kuzika, alifikiri sana, akaona amepewa fimbo ndefu inayofika hadi ng'ambo ya kaburi. Akatoa maharagwe. Akatoa blanketi la sufu linalowasha kama upupu. Akatoa mwavuli wenye tundu. Na kila mwaka akatoa viatu vipya, imara, vizuri kwa macho, vidogo kwa namba moja.

"Haya, tembea sasa," alinong'ona huku akiwasha mshumaa.

Usimcheke upesi. Maisha yote ya ndoa yao Ilarie alikula ameketi, na mkewe amesimama nyuma yake. Siku Safta alipothubutu kuvuta kiti, Ilarie aliuliza, "Nani kakwambia kazi imekwisha?" kisha akavuta kitambaa cha meza, sahani na supu na vyote vikaenda chini, na Safta akapiga magoti kuokota vigae. Sasa Ilarie alikuwa kaburini, na Safta bado alikula amesimama kando ya jiko. Alijaribu kuketi. Kila mara, kijiko kabla hakijafika mdomoni, sauti ile ile: Nani kakwambia? Akainuka. Alitaka jambo moja tu duniani, aketi kwenye meza yake mwenyewe na kula chakula kikiwa moto. Aliamini kwamba Ilarie akikomeshwa vya kutosha huko, atanyamaza huku.

Mwaka wa saba ukakaribia, na kwa desturi huo ndio mwaka wa mwisho wa sadaka hizo. Safta aliona ni nafasi yake ya mwisho. Akaagiza gunia zima la maharagwe, na viatu vidogo kwa namba mbili.

Wiki hiyo akaja Tanase. Huyu alikuwa jirani, mseja mzee mwenye umbo kama la Ilarie, na kwa sababu hiyo ndiye aliyepokea vitu vya kiume kila mwaka. Aliingia uani akichechemea, kofia mkononi.

"Dada Safta, nakuomba, kwa upendo wa Mama wa Mungu. Mwaka huu nipe kofia."

"Kofia marehemu alikuwa nazo. Mwaka huu ni viatu."

Tanase akaketi juu ya gogo, akavua kiatu, akavua na soksi. "Tazama basi."

Safta akatazama. Kidole gumba kilikuwa kimempanda mwenzake, kama mtu anayegombea nafasi kwenye benchi la kanisa siku ya Pasaka.

"Maskini wee! Nani kakufanya hivi?"

"Wewe!"

"Mimi?"

"Wewe na Ilarie wako."

"Sasa mzee mzima, kiatu kinakubana, kwa nini unakivaa?"

"Sadaka ya marehemu haikataliwi, wala haikai kabatini. Nisipoivaa, yeye anatembea pekupeku. Nikasema, maskini Ilarie, hana mwingine wa kumvalia. Nimevivaa shambani, nimevivaa kanisani. Harusi ya mpwa wangu nilicheza navyo, watu wakadhani nalia kwa furaha."

Safta akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikamgeukia, akawa analia na aproni usoni.

"Kumbe muda wote ulikuwa unaumia wewe," alisema.

"Na miguu ni ya nani? Tena lile blanketi usinikumbushe."

Safta hakungoja hata kubadili aproni. Alikwenda moja kwa moja kanisani, akamkuta Padri Visarion akikwangua nta kwa kisu kwenye kinara cha mishumaa.

"Baba, nimemtesa Tanase."

"Tanase? Kakukosea nini?"

"Hajakosa kitu. Nilikuwa namlenga Ilarie."

Akamweleza yote. Safta alipofika kwenye mwavuli, padri aliuma midomo asicheke. Alipofika kwenye kitambaa cha meza, padri aliweka kisu chake chini, na hakucheka tena.

"Sasa niambie, Baba. Huko aliko, ameumia au hakuumia?"

"Sijui, Safta. Mimi ni padri wa upande huu."

"Najua utakachosema. Utasema nimsamehe. Nijifanye hakuna kilichotokea."

"Hapana. Alikukosea vibaya. Na mimi niliyeingia nyumbani kwenu kila Theofania, sikukuu ya ubatizo wa Bwana, kubariki, nikala, nikashiba, sikuuliza hata siku moja kwa nini mama wa nyumba haketi. Unisamehe." Padri akafuta mikono kwenye kanzu yake. "Usiseme ni jambo dogo. Ila umemfunga mtu gerezani, na wewe mwenyewe umekuwa askari wa zamu, hulali wala huli. Mkabidhi Mungu funguo. Mwambie kwanza yote, kama yalivyokuwa."

"Yote? Ni mengi, Baba. Una muda?"

"Bwana anao."

Safta akasimama mbele ya picha takatifu ya Kristo, akaanzia kwenye harusi. Padri akamaliza nta, akafagia sakafu, akapanga vitabu. Mke wa padri, maana mapadri wa kwao huoa, akaja mlangoni kuuliza kama mumewe amekufa humo ndani, padri akamwashiria anyamaze. Safta alikuwa bado yuko mwaka wa pili wa ndoa. Mengine aliyasema kwa sauti, mengine kwa kunong'ona, mengine kwa kupiga kisigino sakafuni. Mwisho akaishiwa maneno.

"Bwana," alisema, "nilidhani nambebesha yeye. Kumbe nimebeba mimi. Chukua mzigo huu, siuwezi."

Radi haikupiga, wala mshumaa haukuwaka wenyewe. Ila mabega yalimshuka, na akagundua kwamba ana njaa.

Siku ya sadaka watu walifika uani kwa unyonge wao wa kila mwaka, wakakuta kuku wa kuoka, supu ya nyama, na kabichi zilizoviringishwa na nyama ndani. Zamfira, jirani asiyeamini jambo mpaka alionje, alichokoa kabichi kwa uma.

"Yamo humu?"

"Nini?"

"Maharagwe."

"Hamna."

"Safta, unaumwa?"

Tanase alipewa viatu vya namba yake. Alivivaa, akazunguka ua mzima, akarudi akazunguka tena. "Mungu amrehemu Ilarie!" alisema, na safari hii alimaanisha.

Padri Visarion alipomaliza kubariki chakula hakuketi. Alivuta kiti. "Mama mwenye nyumba aketi."

"Na nani atapakua, Baba?"

"Mimi." Akajifunga aproni juu ya kanzu, na wanawake wakaangaliana wakiwaza ile supu.

Safta akaketi. Sauti ikaja, kama alivyojua itakuja: Nani kakwambia kazi imekwisha? Akashika ukingo wa meza, akajibu polepole, "Bwana Yesu ndiye kaniambia. Muulize yeye."

"Unasemaje?" Zamfira akauliza.

"Nasema supu ni moto."

Akala. Kijiko kilitetemeka, supu ikadondoka kwenye kitambaa, doa likakaa pale mbele ya macho yake, na hakuna aliyevuta kitu. Akala tena. Akamwomba padri amwongezee.

Walipokaribia kumaliza, padri, mchuzi umemfika kwenye ndevu, alimwomba mjane aseme neno la kumwombea mumewe. Safta hakuinuka. Alifanya ishara ya msalaba palepale kitini.

"Bwana, msamehe Ilarie. Mimi nimeanza juzi tu, sijamaliza, unisaidie. Chakula hiki mpe, ashibe. Na siku nitakayofika huko, usitukalishe meza moja mara ya kwanza. Tuanze na salamu."

"Amina," akasema Tanase.

"Amina," akasema Zamfira, huku akimtazama mume wake.