Goti Lililonyamaza Siku ya Harusi

Mwaka ule hedhi iliponiaga, maumivu yaliingia bila kubisha hodi. Yalianza na vidole, yakapanda mabegani, mwisho yakajenga kabisa kwenye goti la kulia. Nikichuchumaa kuosha vyombo, kuinuka mpaka nishike ukuta. Nilimwambia mume wangu, Pak Giman. Akasema, "Ndio uzee huo, mama. Kunywa maji ya moto." Majirani wakasema ni upepo umeniingia mwilini. Miaka miwili nikalia peke yangu.

Kosa langu ni kusema, siku moja kwenye kisomo cha akina mama, jua likiwaka: "Goti linavuta, anueni nguo." Walicheka. Robo saa baadaye mvua ikamwagika. Mara ya tatu hakuna aliyecheka.

Ndipo akaja Bu Lastri, mke wa mkuu wa kijiji, mwanamke anayepungia watu mkono wa kushoto tu, kwa madaha. Binti yake alikuwa anaolewa baada ya wiki saba, wageni mia sita, uwanjani. Kwetu Java harusi haifanywi bila mzuia mvua, lakini wetu, Mbah Karso, mwaka uliopita alizuia mvua hadi bwana harusi akaogelea.

"Bu Tum," akasema, "goti lako likiuma, mvua inanyesha. Basi lisiume."

"Mama, goti linaisikia tu mvua. Haliileti."

"Una hakika?"

Nasema ukweli: nilifurahi. Hatimaye kuna mtu aliyetaka nisiumwe.

Furaha ile haikufika Ijumaa. Muuza jamu, dawa zetu za mitishamba, alininywesha manjano na ukwaju asubuhi, mchana na jioni. Wanawake walinikwangua mgongo kwa sarafu na mafuta mpaka ukawa na mistari kama mkeka. Mbah Karso alitunga pilipili na vitunguu kwenye vijiti, akavisimika kuzunguka kiti changu kama afanyavyo kwenye viwanja vya harusi. Nilibandikwa plasta za pilipili tangu pajani hadi kifundoni, na ule moto wa ghafla wa umri wangu uliponipanda juu yake, nilijimwagia pipa zima la maji huku nikiwatukana wote kwa majina.

Pak Giman peke yake alinuna. Miche yake ya mpunga ilikuwa tayari na shamba limekauka. Asubuhi moja nikamfuma anabandua plasta zangu.

"Wee! Unafanya nini?"

"Moja tu, mke wangu. Liume kidogo, mpaka alasiri. Wakulima wamenituma."

"Wamekutuma kwenye goti langu?"

"Si utalibandika tena jioni?"

Miaka thelathini ya ndoa! Nililia kwa hasira. Nikachukua fimbo, nikajikokota hadi zahanati.

Mkunga, Bu Retna, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Wewe mwenyewe unataka goti lifanye nini?"

Nikasubiri ataje harusi au mpunga. Hakutaja.

"Nataka nichuchumae, niinuke bila kushika ukuta."

Aliniambia hedhi ikikoma homoni hupungua, na viungo na misuli ya wanawake wengi hulalamika. Si upepo, wala si uvivu. Akanibandua plasta zilizonibabua ngozi, akanifundisha kukaa kwenye kiti na kuinuka taratibu, mara kumi asubuhi na kumi jioni. Nitembee kila siku, nile tempe ya soya na mayai, nikande kwa kitambaa cha moto. Kidonge ni kwa siku mbaya tu. Na nirudi amtazame tena mgonjwa wake.

"Na mvua je, Bu Retna?"

"Hiyo haitibiwi hapa."

Nilirudi nikang'oa pilipili zote na kufukuza watu. Wiki ya kwanza niliguna kila nilipoinuka, na kila nilipoguna Pak Giman alikimbilia nje kutazama mbingu. Wiki ya tano nilikuwa naguna kwa mazoea tu.

Siku ya harusi Mbah Karso alitega sikio kwenye goti langu mbele ya watu. "Limenyamaza!" akatangaza. Bu Lastri akaamuru turubai liondolewe, picha zitoke vizuri.

Wali ulikuwa ndiyo kwanza unapakuliwa mvua iliposhuka. Masinia yakaelea, shungi la bibi harusi likaanguka. Watu mia sita wakanigeukia pale nilipochuchumaa na ndoo za vyombo.

"Bu Tum! Linauma?"

"Haliumi."

"Mwongo! Inuka tuone!"

Uwanjani hapana ukuta. Nikainuka.

Pak Giman alikuwa kwenye mvua, akilitabasamia shamba lake kwa mbali. Akageuka, akaniona, tabasamu likamtoka. "Tum," akasema polepole, "umeinuka." Alijua hakuwahi kuniuliza nataka nini, na mimi nilijua kwamba anajua.

Kisha Bu Lastri akanijia, wanja ukimtiririka hadi kidevuni. Nikajiandaa kwa matusi. Akaniinamia sikioni.

"Bega langu la kulia," akanong'ona. "Mwaka wa tatu huu siwezi kujichana nywele. Huyo mkunga wako anafungua saa ngapi?"