Chupa ya Siku Kumi na Nne

Rasma hakuwa na raha. Wiki mbili nzima alikuwa akiingia stoo, akitoka, akiingia tena kama kuku anayetafuta pa kutagia, na yote hayo kwa sababu ya chupa moja ya kinywaji cheupe.

Kinywaji alikibuni mwenyewe: maziwa ya oti, ndani yake mafuta yenye dondoo la bangi isiyolevya, ile ile ambayo ukoo wa mumewe uliilima nyuma ya nyumba na kusaga mbegu zake kuwa siagi tangu zamani. Mafuta na maji hayapikiki chungu kimoja, nani asiyejua? Rasma aliyapasua mafuta yakawa vitone visivyoonekana, akavivisha protini ya njegere visishikane. Vikishikana vitapanda juu. Mnywaji wa kwanza atameza dondoo lote, wa mwisho ataambulia oti tupu.

Bwana Visvaldis wa kiwanda cha maziwa alishasema: chupa ikae siku kumi na nne bila mafuta kujitenga, ndipo atie saini mkataba wa kukitengeneza. Asipotia, Rasma angerudi Ireland kukata uyoga, amwache binti yake tena, kama ile miaka mitatu aliyokuwa huko.

Siku kumi na tatu zilipita, chupa nyeupe pe! Asubuhi ya kumi na nne, mkesha wa sikukuu ya kiangazi, Rasma aliingia stoo akakuta utepe wa kijani wa mafuta umekaa shingoni mwa chupa.

Jana hakuna kitu, leo utepe wote huu? Mafuta hayana tabia hiyo.

Rasma akiwa bado nyuma ya mlango, mama mkwe wake, Austra, aliingia mbio, kwapani ana majani na maua aliyotoka kuyachuma kwa ajili ya mataji ya sikukuu. Hata hakuyatua. Alinyakua chupa, akaitikisa, akairudisha mahali pake.

"Mama!"

Austra aliruka. "Ebo! Utaniua, wewe!"

"Unafanya nini?"

"Si ninatikisa tu? Nani anaacha chupa ya maziwa bila kutikisa?"

"Tangu lini?"

Bibi alitazama maua yake. "Siku ya tatu niliona utepe. Nawe hulali, mwanangu. Nikasema, nikiitikisa chupa alfajiri hatauona. Leo nimechelewa kwa haya majani." Akayabana majani kwapani. "Sitaki uende tena. Mtoto alilia mwezi mzima, na aliyembeleza ni mimi."

Nje gari la Visvaldis lilisimama.

Mezani, kahawa ikiwa mbele yake, Visvaldis aliinua chupa kwenye mwanga. Ilikuwa nyeupe kama theluji, shukrani kwa bibi. "Mmh! Siku kumi na nne?" Kalamu ilishatoka mfukoni.

Austra alimkazia macho mkwewe: nyamaza, mtoto wewe, nyamaza.

"Imetikiswa," Rasma alisema. "Sasa hivi, na kila asubuhi. Ilijitenga siku ya tatu."

Kalamu ilirudi mfukoni. Visvaldis alikunywa kahawa yake yote, akasimama. "Kumi na nne nyingine. Ikishindikana, basi, tusisumbuane."

Siku iliyofuata sherehe, Rasma aliyapasua mafuta upya, akaongeza protini, akaweka chupa mpya kwenye rafu. Kisha, ajabu, alilala fofofo.

Alfajiri alimkuta Austra stoo, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya chupa, mikono yote miwili ameibana kwapani isije ikaitikisa, miguu inamchezacheza.

"Mama, umekaa hapa tangu saa ngapi?"

"Usiniulize. Ni ya ngapi leo?"

"Ya kwanza."

"Mungu wangu," alisema Austra, akaibana mikono zaidi.